Simu ya Mahari

"Papa, hii telefone uliipata wapi?"

Guelord, fundi wa simu katika soko la Kataki, aliuliza kwa adabu. Tatizo ni kwamba aliuliza kwa sauti, na watu watatu waliokuwa kwenye benchi wakisubiri zamu wakainua vichwa kwa pamoja. Papa Ignace alisikia shingo yake ikishika moto. Alikuwa na miaka sitini na sita. Kati ya hiyo, thelathini na mmoja alikuwa makanika wa reli hapa Kalemie, akilala chali chini ya injini huku mafuta machafu yakimdondokea usoni, na katika muda wote huo hakutoka getini hata siku moja na skrubu ya watu mfukoni. Wenzake walikuwa wakimcheka kwa hilo. Leo anaulizwa ameipata wapi simu.

"Ni yangu," akasema. "Ya mahari. Mukwe wangu njo alinipa, mbele ya bantu."

"Bote banasemaka vile, Papa. Soma mwenyewe."

Fundi akamgeuzia kioo. Kilikuwa cheusi tii, na juu yake maandishi meupe: SIMU HII IMEPOTEA. ULIYE NAYO, IRUDISHE KWA MWENYEWE. Chini kulikuwa na namba, na namba ile Ignace aliijua, kwa sababu ilikuwa ya Ulrich, mume wa binti yake.

Mama mmoja pale benchini, mwenye beseni la ndagala, dagaa wa ziwa, akalihamisha beseni lake kutoka upande wa Ignace akaliweka upande wa pili. Alilihamisha tu, taratibu, kisha akatazama barabarani.

"Fungua," Ignace akasema, na sauti ilimtoka nene kuliko alivyokusudia. "Kitu chenye kilitengenezwa na mikono ya muntu, mikono ya muntu inaweza kukifungua. Mi nilikuwa nafungua injini ya tani makumi nane!"

"Papa, ungeniletea androidi, tusingebishana. Androidi iko kama nyumba zetu hapa: mulango ya mbele ikifungwa, unapitia jikoni. Ningetosha ile kadi ya memori, picha zako zote ningekupa mu mukono. Hii ya pome haina kadi. Haina jikoni. Iko na mulango moja tu, na funguo iko kwa ule mwenye jina yake iliingia mule siku ya kwanza." Guelord aliipindua simu, na lile pome, tofaa lililochorwa mgongoni, likang'aa juani kana kwamba halihusiki. "Akuje mwenyewe aandike namba zake sita hapa na kidole, inafunguka. Bila ile, ata mungu ya mafundi hataiweza."

Hapo ndipo Guelord alipokumbuka kushusha sauti, ila wakati huo ilikuwa haina faida tena.

"Na kitu ingine, Papa. Akitaka, anaweza kufuta yote kutokea kule eko. Picha, majina, yote. Pengine hajafuta juu anazichunga za kukuongelea bei. Natosha sim. Usiirudishe, na usiikaribishe na rezo, mutandao ya muntu yeyote. Isiposikia rezo, haiwezi kumusikia."

Akachomoa kadi ya sim kwa sindano, akamwekea vitu vyote viwili kiganjani. Ignace alipotoa faranga elfu mbili, Guelord alizisukuma zikamrudia. Haukuwa wema. Hakutaka tu aonekane amepokea pesa kwa ajili ya kifaa kile.

*

Tuseme ukweli, hata kama unamchoma: simu ile aliitaka mwenyewe.

Mwaka juzi, ukoo wa Ulrich ulipokuja kuchukua orodha ya mahari, ulipendekeza androidi nzuri tu, ya dola mia na ishirini, ile ambayo nusu ya Kalemie inatembea nayo. Ignace aliikata kwa kalamu nyekundu. Mwenzake wa kwaya ya parokia, Aristide, alikuwa na ya tofaa aliyopewa na mkwe wake, na kila Jumapili aliilaza kifudifudi juu ya kitabu cha nyimbo ili tofaa lionekane mpaka benchi la mwisho. Ignace aliimba sauti ya nne kando yake huku roho ikimwuma. Basi akaandika kwa mkono wake mwenyewe: telefone ya pome, mupya, ndani ya katoni. Jeannette, mkewe, alimwuliza, "Na ikiharibika, Guelord ataiweza?" Akamjibu kwamba vitu vya maana haviharibiki.

Wala hakuwa peke yake katika ujinga huo. Waulize watu wa mji huu simu ipi ni bora, watakwambia ile ya kadi, ile ambayo kila fundi anaijua na kioo chake kinapatikana sokoni. Waulize wanaitamani ipi. Watacheka kidogo, watatazama pembeni, kisha watataja ile isiyofunguka.

Na desturi nayo ikasaidia kuharibu. Kwao, mtu akileta chupa ukweni, yeye ndiye anayeifungua mbele ya wazee, na yeye ndiye anayeonja kwanza, ili pasiwe na shaka ya sumu. Mwenye kuleta ndiye mwenye kufungua. Siku ya mahari, katoni ilipotolewa, Papa Alphonse, baba mdogo wa Ulrich na msemaji wa ukoo wao, akapaza sauti kama anavyofanya kwa chupa: "Mwenye kuleta afungue!" Ulrich akachana nailoni, akaiwasha. Simu ikataka jina na anwani ya mwenyewe. Ignace hakuwa na anwani yoyote ya mtandao. "Natia yangu, Papa mukwe, ni mamoja tu," Ulrich akasema. Simu ikataka namba za siri. Ignace akasema namba huwa anazisahau, iachwe hivyo hivyo. Wanawake wakapiga vigelegele. Wazee kumi na wawili walikuwa wametazama mtu akitoa nyumba na kubaki na funguo, na wote wakapiga makofi.

Kisha ikaja Jumanne, siku tatu kabla ya kwenda kwa Guelord. Asubuhi, Pascaline, binti yao, alishuka kwenye pikipiki mbele ya nyumba ya wazazi wake, kitenge kimefunika bega ingawa kulikuwa na joto. Hakulia. Alikwenda moja kwa moja jikoni, akakaa kwenye kigoda, akamfunulia mama yake. Pasi ya makaa ilikuwa imeacha umbo lake lote nyuma ya bega la kushoto, kuanzia ncha mpaka kitako. Ulrich, karani wa wakala wa mizigo bandarini, mtu wa kusalimia watu kwa mikono miwili, alikuwa amekuta kola ya shati lake ina mikunjo. Kola. Ndicho kilichokuwa kosa lote.

Jeannette alipiga picha kumi na moja kwa simu ya tofaa, akimwomba Mungu. Ignace alisimama nje ya mlango, kwa kuwa si heshima baba kuutazama mwili wa binti yake mkubwa. Picha zilikuwa kwa sababu hiyo hiyo. Pascaline asivuliwe nguo mbele ya polisi, wala mbele ya wazee, wala mbele ya mtu yeyote. Picha zingesema kwa niaba yake.

Mwenye busara angenyamaza na kwenda na picha zake mahali panapohusika. Ignace alijipalia makaa mwenyewe. Alimpigia Ulrich kwa simu ile ile, akapiga kelele mpaka majirani wakatoka: "Picha yako iko hapa! Kumi na moja! Utazikuta ku tribinali, mbele ya jaji!" Akakata, akatembea uani kifua mbele. Kabla ya saa sita mchana kioo kilikuwa cheusi. Mdomo huponza kichwa, wazee walisema, lakini hapa mdomo ulikuwa wa Ignace na aliyeponzeka alikuwa Pascaline.

*

Kesho yake baada ya Guelord alikwenda polisi. Alikwenda peke yake, amevaa viatu vya kanisani. Afisa wa zamu alimsikiliza huku akijichokonoa sikio kwa kifuniko cha kalamu.

"Hizo picha ziko wapi?"

Ignace akaiweka simu mezani, akaiwasha. Afisa akasoma, akarudia kusoma, akacheka kwa pua.

"Muzee, hapa banaandika imepotea. Sasa nifungulie mukwe wako makosa, ao nikufungulie weye?"

"Picha ziko ndani. Yeye njo alifunga."

"Mi sioni picha. Mi naona telefone ya muntu mwingine." Akaivuta upande wake wa meza. "Tuichunge hapa kwanza, tufanye uchunguzi."

Ilimgharimu Ignace faranga elfu kumi kuitoa simu ile mikononi mwa uchunguzi. Alizitoa noti moja moja, afisa akizikunja bila kuzitazama. Angekuwa na spana mkononi siku ile, Mungu ndiye anayejua.

Jioni hiyo, kabla jua halijazama, Ulrich alipiga kwenye simu ndogo ya vibonyezo ya Jeannette. Sauti yake ilikuwa laini, ya mtu anayezungumzia mzigo uliokwama.

"Papa mukwe, tusiharibishane majina. Pascaline arudi kwake. Siku ile ile anaingia mu nyumba, telefone inafunguka. Ni namba sita tu."

"Unanunua bega ya mutoto wangu na namba sita?"

"Kama hataki kurudi, basi muregeshe mahari. Yote. Vile nilileta. Bila ile, ni bibi yangu, na siku nataka nitakuja kumukamata mukono, na hakuna mwenye atanizuia."

Ignace alikata simu bila kuaga. Pascaline alikuwa mlangoni mwa jikoni, na unga mikononi. Alikuwa amesikia yote, maana simu za vibonyezo hazina siri.

"Papa," akasema, "wacha mi niseme na bazee wao. Mi mwenyewe."

"Weye pumzika, mama. Haya ni maneno ya bazee. Mi nitayamaliza."

Pascaline alimtazama kidogo, akarudi kwenye sufuria.

Kwa siku sita nyumba nzima ilikimbizana na mahari. Mbuzi wawili walipatikana kwa baiskeli ya Ignace, ambayo mnunuzi aliizungusha magurudumu mara tatu na kuitukana ili bei ishuke. Suti ilikuwepo, imevaliwa Pasaka mbili tu, na Jeannette aliipiga brashi mpaka ikadanganya macho. Kitenge cha mama mkwe ndicho kilichokuwa kimeshakatwa na kushonwa, Jeannette akaazima kingine kama kile kwa dada yake, akaahidi kumlipa kwa ndagala. Simu waliichaji kwa jirani mwenye sola, imezungushiwa kitambaa kama mgonjwa. Katika pilikapilika zote hizo waliulizana juu ya mbuzi, juu ya kitenge, juu ya nani atasema nini kwanza. Pascaline hakuulizwa kitu, isipokuwa kama dawa ya kidonda bado ipo.

*

Walikutana Jumapili baada ya misa, kwa Papa Alphonse, mtaa wa Lubuye. Viti vya plastiki vilipangwa uani, wanaume wa koo mbili uso kwa uso, na wanawake kwenye mikeka karibu na ukuta. Pascaline alikaa nyuma ya mama yake. Katikati palikuwa na meza, na juu ya meza chupa za bia ambazo hazijafunguliwa.

Ulrich alikuja na shati jeupe. Ignace hakuweza kuondoa macho kwenye ile kola. Ilikuwa imenyooka, kavu, safi, bila hata kunyanzi. Ni nani aliyempigia pasi wiki hii? Alijiuliza hilo mpaka salamu zikaisha bila yeye kuitikia ipasavyo.

Papa Alphonse alikuwa mzee mwembamba, mpenda sheria za ukoo kuliko watu wa ukoo. Alitaja kila kitu kwa jina, na kila kilipotajwa kilisogezwa mbele. Mbuzi wawili: walikuja. Suti: ilikuja, Ulrich akaigeuza ndani nje akitafuta tundu. Kitenge: kilikuja. "Telefone," akasema Alphonse, na Ignace akaiweka mezani kwa mikono miwili.

Ulrich aliibonyeza, maandishi meupe yakajitokeza, akatikisa kichwa kama daktari.

"Papa, hii imekufa. Mi nilileta yenye kuwaka, bote muliona. Papa mukwe ni muzee, hana uzoefu wa hizi vitu, ameichezea, ikajifunga. Sina hasira. Lakini aregeshe yenye kuwaka. Kama hapana, mahari haijatimia, na bibi anarudi kwangu leo."

"Muongo!" Ignace aliruka kutoka kitini, kiti kikaanguka. "Muongo mukubwa weye!"

"Papa Ignace, kaa," akasema Alphonse. "Hapa si gare ya treni." Wanaume wa upande wa Ulrich wakacheka. Ignace ilimbidi ainame akiokote kiti chake mwenyewe mbele yao, na hakuna aliyemsaidia.

Alphonse alivaa miwani, akaichukua simu, akasoma kwa sauti kama mtoto wa shule: "Simu hii i-me-po-te-a." Akaiteremsha. "Nani aliipoteza?"

Macho yakamgeukia Ulrich.

"Ulrich, nakuuliza. Ilitolewa mbele yangu. Mi njo nilisema mwenye kuleta afungue. Sasa imepotea namna gani, na iko mu mikono ya muntu mwenye ulimupa? Na hii namba ya chini, ni ya nani?"

"Ni mashine, Papa. Mashine inajiandikia."

"Inajiandikia namba yako?"

Upande wa Ulrich hakuna aliyecheka sasa. Alphonse alisukuma simu mbele ya Ulrich. Hakufanya hivyo kwa kumhurumia Pascaline, tusidanganyane. Kilichomkera ni kwamba desturi yake ilikuwa imetumiwa kama mtego, na yeye mwenyewe akiwa ndiye aliyepaza sauti.

"Fungua. Mwenye kuleta njo anafungua."

"Inaomba rezo." Ulrich alikuwa ameshatoa simu yake mwenyewe mfukoni, kidole gumba kinakimbia. "Munipatie dakika mbili. Ao niende nayo ku nyumba, nitaileta kesho."

Ignace alifunika simu ya tofaa kwa kiganja chake chote, kiganja kilichokosa nusu ya kidole cha shahada tangu enzi za reli. "Haiombi rezo. Sim haimo, haitasikia kitu chenye unaituma. Inaomba namba sita. Na kidole. Hapa."

"Kuko mambo ya siri mule."

"Siri ya nani?" akauliza Alphonse. "Umesema ni yake na ameiharibu. Siri yako imeingiaje?"

Jasho lilimtoka Ulrich kwenye mdomo wa juu. Alitazama simu, akawatazama wanaume, na kila mtu uani pale akaelewa kwamba namba anazijua na hataziandika.

"Basi," Alphonse akavua miwani. "Chupa yenye haifunguke mbele ya bantu, haijaletwa. Telefone hii naifuta ku orodha. Haikutolewa, kwa hiyo hairudishwe. Mahari imetimia. Bibi na bwana bameachana."

Jeannette alishika mdomo. Ignace alisikia kifua kikifunguka kwa mara ya kwanza tangu Jumanne ile. Alitaka kucheka. Lakini Alphonse alikuwa bado hajamaliza; alikuwa anatafuta kifunguo cha chupa.

"Na kwa sababu mambo imeisha, imeisha kabisa. Hakuna polisi, hakuna tribinali, hakuna kuchafuliana majina mu muji. Hizo picha, mi sikuziona, na hakuna mwenye aliziona. Kitu chenye hakikuonekana, tusikiseme. Ni vizuri?"

"Ni vizuri, Papa," Ulrich akajibu haraka. Rangi ilimrudia usoni. Akaketi vizuri, akainyoosha kola yake kwa vidole viwili.

Na Ignace, Mungu amsamehe, alianza kuitikia kwa kichwa. Alikuwa amechoka. Alikuwa ameuza baiskeli. Binti alikuwa ameachiwa, picha zilikuwa zimefungwa, polisi walikuwa wamemcheka, na bia ilikuwa baridi. Mkono wake ulikuwa umeshanyooka kuelekea glasi.

"Bado."

Pascaline alikuwa amesimama. Alipita katikati ya mikeka, akapita kando ya mama yake aliyejaribu kumvuta nguo, akaja mpaka mezani, mahali ambapo wanawake huja kuweka glasi tu na kuondoka.

"Picha alizifunga," akasema. "Mi hakunifunga."

Akawapa mgongo wanaume wote, akafungua kitenge, akateremsha gauni upande wa bega la kushoto. Kidonda kilikuwa kimeanza kukauka pembeni, katikati bado ni chekundu. Hapakuhitajika miwani. Kila mwanamume pale alikuwa na pasi nyumbani kwake, na kila mmoja alilijua lile umbo.

"Wiki mbili bananiambia picha itasema," Pascaline aliendelea, akiutazama ukuta, sauti yake inatetemeka kwa ghadhabu na si kwa aibu. "Mi niko na mudomo. Nilikuwa na mudomo siku zote. Ilikuwa Jumanne, saa kumi na mbili ya asubui, anataka kwenda kazi. Alisema kola haijanyooka. Nikasema makaa imepoa, anipe dakika. Akasema ataona kama imepoa. Akanishika shingo, akaniwekea. Akahesabu. Alihesabu mpaka tano, Papa Alphonse. Nilimusikia anahesabu."

Mtu mmoja wa upande wa Ulrich alitema mate chini. Papa Alphonse hakutazama bega kwa muda mrefu. Aligeuka, na macho yake yakatua kwenye kola nyeupe ya mtoto wa kaka yake. Wengine nao wakaitazama ile kola, mmoja baada ya mwingine, mpaka Ulrich akainua mkono akaifunika kwa kiganja.

Mkono wa Ignace ulikuwa bado hewani karibu na glasi. Siku tisa. Siku tisa alikuwa ametembea Kalemie nzima na kipande cha kioo akitafuta wa kukifungua, akitukanwa, akilipa, akilia kwa siri nyuma ya choo, na ushahidi wote ulikuwa jikoni kwake unasonga ugali na kuomba ruhusa ya kusema. Alimkasirikia Ulrich mpaka meno yakamwuma. Kisha hasira ikageuka, ikamkuta yeye.

Hakuna aliyefungua chupa. Pascaline alipandisha gauni, akafunga kitenge, akaelekea mlangoni, na Jeannette akamfuata. Simu ya tofaa ilibaki juu ya meza ya Alphonse na hakuna aliyeinyooshea mkono.

*

Jumatatu asubuhi Guelord aliwatundikia shuka nyuma ya kibanda chake. Alikuwa na androidi ya zamani, kioo kimepasuka pembe mpaka pembe, kifuniko cha nyuma kimefungwa kwa raba. Jeannette akapiga picha za bega nyuma ya shuka. Mama wa ndagala alikuwepo benchini tena. Mara hii alijisogeza ili Ignace akae, na Ignace hakukaa.

Guelord alifungua raba, akang'oa betri, akatoa kadi ndogo, ndogo kama ukucha wa kidole cha mwisho. "Njo hii, Papa. Yote iko mule. Inaingia mu telefone ya muntu yeyote."

Ignace akanyoosha mkono kuipokea. Ni mazoea tu. Pascaline akaichukua kabla haijafika, akaifunga kwenye pindo la kitenge chake kwa mafundo mawili.

"Hii nabaki nayo, Papa."

"Chunga mwenyewe, mama," akasema, akaurudisha mkono wake.

Walikwenda polisi kwa miguu, kwa kuwa baiskeli haikuwepo. Pascaline alitangulia, mama yake ubavuni, Ignace nyuma yao. Afisa wa zamu alikuwa yule yule, na kifuniko cha kalamu kile kile sikioni. Alimwona mzee nyuma ya mabega ya wanawake, akatabasamu, akavuta karatasi moja kutoka kwenye droo.

"Muzee! Umerudi? Karatasi ni elfu tano. Sema, nakusikiliza."

Ignace alifungua mdomo, kama alivyoufungua maisha yake yote. Kisha akaufunga, akasogea kando, akabaki amesimama ukutani mpaka afisa akalazimika kumtazama Pascaline.